Reale Mbili Katika Beseni Moja

Wadogo zangu,

Nyinyi mnaoniandikia kwenye simu mkiuliza jinsi ya kuanza kukusanya sarafu za fedha, nimechelewa kuwajibu kwa sababu kila nikiandika ninafuta. Sentensi hii nayo nimeifuta na kuirudisha. Wenzangu hapa mtaa wa Mapendo, Goma, hunicheka nikisema nimestaafu, maana sijafikisha miaka arobaini. Lakini kazi haimstaafishi mtu kwa umri peke yake. Nilinunua, nilipima na kuuza sarafu tangu nilipotoka shule hadi nilipotambua kwamba siwezi kula bila kwanza kwenda kushika kufuli ya kabati, na kwamba mke wangu ameanza kuniita mlinzi wa benki isiyo na wateja. Leo nauza betri za sola. Betri ikiharibika, unampa mtu nyingine, mnaagana. Sarafu haina raha hiyo. Ukikosea sarafu, kosa lako litaishi kuliko wewe.

Hakuna chuo kilichonifundisha. Nilijifunza kwa katalogi ya Kifaransa niliyoiokota kwenye meza ya vitabu vikuukuu sokoni Birere, imechanika nusu ya mbele, ikianzia kwenye herufi ya M. Kwa hiyo kwa miaka mingi nilizijua vizuri sarafu za Rwanda na za Zaire, lakini za Kongo, nchi niliyozaliwa, sikuzijua hata kidogo. Mtu akiniletea faranga ya wakati wa Wabelgiji nilikunja uso kama daktari, nikasema, "Hii inahitaji uchunguzi," halafu nikaenda kuuliza watu. Msione aibu kuanza na nusu ya kitabu. Mimi nilikosea kujifanya ninacho kizima.

Sarafu yangu ya kwanza ilitoka kwa mama. Wakimbizi walipovuka mpaka kutoka Rwanda, wengi hata ngazi za kanisa zikajaa watu waliolala, mama yangu alikuwa akiuza ndizi za kupika. Mwanamke mmoja hakuwa na noti ambayo mtu angeipokea, akampa sarafu nzito ya ukumbusho ya nchi yake. Mama hakujua ni nini. Alinipa nichezee. Niliiweka mfukoni na suruali ikateremka upande mmoja, na nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo, kwenye ule uzito. Kitu kidogo namna ile hakikupaswa kuwa kizito hivyo.

Aliyenionyesha kazi ni Papa Kasereka, fundi wa saa kutoka Butembo, aliyekuwa na kibanda karibu na kambi ya jeshi ya Katindo na kutengeneza saa za askari. Wakati mwingine askari walimletea sarafu walizookota huko walikopigana, na yeye alizipokea akiwa na mashaka, kama mtu anayepewa mtoto wa watu. Siku ya kwanza nilipomwomba anifundishe, aliniambia nifumbe macho.

"Juu ya nini, Papa?"

"Juu macho yako inapenda kuamini. Sikio haipendi mutu."

Aliiweka sarafu juu ya ncha ya kidole chake, akaigonga ukingoni kwa mpini wa bisibisi. Fedha ikaimba, sauti nyembamba iliyochelewa kuisha. Kisha akagonga nyingine, ikasema kama kifuniko cha sufuria.

"Hii ya pili ni nini?"

"Robinet," nikasema, yaani koki ya bomba la maji. Nilikuwa natania.

"Robinet kabisa. Kuko kijana Birere anayeyeyusha mabomba ya watu. Sasa fumbua macho uone vile alivyoitengeneza vizuri."

Na kweli ilikuwa nzuri. Kwa macho ningeinunua. Kwa hiyo anzeni na sikio. Kisha sumaku, ile ya spika ya redio iliyokufa. Fedha haishikwi na sumaku. Kisha mizani, na ukingo, maana mghushi hushughulika na sura akasahau ubavu. Msipange sarafu ndani ya mifuko laini ya plastiki yenye harufu ya viatu vipya, zitatoa ute wa kijani. Tumieni karatasi kavu au pamba. Shikeni ukingoni. Na msisugue.

Neno hili la kusugua mlisome mara mbili. Hewa ya Goma ina pumzi ya volkeno, na pumzi ile huifanya fedha iwe nyeusi upesi kuliko mahali pengi. Wageni hudhani sarafu zetu ni kuukuu sana. Siku moja dereva wa lori aliniletea ile sarafu ya Wabelgiji yenye tembo, nyeusi kama chungu. Nikataka iwe kamili. Nikachukua dawa ya meno, nikachanganya na majivu laini ya mlima, nikasugua kwa moyo wote mpaka ikang'aa kama kijiko cha harusi. Mnunuzi wangu alikuwa mzee wa Kibelgiji aliyekuwa akipita mjini. Aliishika, akavua miwani, akaivaa tena.

"Kijana," akaniuliza kwa upole, "tembo huyu alikufa kwa ugonjwa gani?"

Mikunjo yote ya ngozi ilikuwa imekwisha. Tembo alibaki kama sabuni. Weusi ule nilioutoa ni ngozi ya sarafu, wala si uchafu. Niliacha kula siku ile, na mpaka leo nikiona dawa ya meno nyeupe namkumbuka tembo.

Mtaulizia pia sarafu za ukumbusho, zile za fedha safi zenye meli na wanyama na wachezaji wa mpira, zilizoandikwa jina la nchi yetu. Nilikuwa nikipata barua pepe kutoka kwa wakusanyaji wa mbali: wewe uko Kongo, bila shaka unazo nyingi. Sikuwahi kuiona hata moja sokoni. Zilichapwa huko huko walikokaa wao. Ya kwanza niliyoishika aliniletea binamu yangu kutoka Ulaya, upande mmoja simba, upande wa pili meli ambayo haijawahi kufika kwetu. Nikaenda nayo Kituku ufukweni kwa uchokozi, nikampa mama muuza samaki.

"Mama, kamata hii, unipatie sambaza."

Akaigeuza. "Hii ni makuta ya inchi gani?"

"Ya kwetu. Soma."

"Kwetu wapi? Yenye aliitengeneza hajakula sambaza hata siku moja." Wenzake wakacheka mpaka mmoja akaweka beseni chini. "Papa, rudisha kwa mwenyewe. Mwambie tunamsalimia."

Mimi sizidharau. Nimekusanya chache na nazipenda. Ila mjue zilitengenezwa ili zinunuliwe na kutazamwa, hazikutengenezwa ili zitumike, na neno "adimu" kwenye cheti ni neno la muuzaji. Nunua kwa sababu unapenda kuitazama. Sababu nyingine zote zitakunyima usingizi, na hapo mnaongea na mtaalamu.

Lakini nilichotaka hasa kuwaandikia ni habari ya Zaina.

Kwanza mjue reale. Ni sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia mnene wa Ulaya, na mwaka ulioandikwa ni 1780. Wafanyabiashara wa pwani waliiamini kiasi kwamba malkia alipokufa viwanda viliendelea kuichapa, sura ile ile, fedha ile ile, mwaka ule ule, kizazi baada ya kizazi. Sisi wakusanyaji tunaiita chapa ya marudio. Si bandia. Bandia hudanganya kuhusu madini. Reale ya marudio ni fedha mpaka moyoni, ila imevaa mwaka wa bibi yake.

Hapa Goma kuna familia za Kiislamu zilizotoka Maniema, ambazo mababu zao walifanya biashara na pwani, na baadhi yao wana desturi. Siku ya hina, upande wa bibi arusi huleta reale ya urithi na upande wa bwana arusi huleta yao. Zote mbili hulazwa ndani ya bakuli la hina. Msichana asiye na reale hachukiwi, lakini shangazi wa mume watamtazama kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi.

Zaina alikuwa amekimbia kutoka mji jirani wa Sake na bibi yake, Mama Asha, vita vilipofika kwao. Wazazi wake walikuwa wamefariki. Wawili hao walikuwa wakiishi chini ya turubai pembeni ya mji. Hawakuwa na picha, hawakuwa na jirani wa kusema, "Hawa ni watu wa nyumba fulani." Walikuwa na reale moja, iliyoshonwa kwenye pindo la kitenge cha Mama Asha. Kijana dereva wa hapa Mapendo alimpenda Zaina na kumposa. Kijana huyo alilelewa na shangazi yake, Tantine Mwajuma, na Tantine ndiye aliyewaleta Zaina na bibi yake mezani kwangu asubuhi moja. Alikuja na reale ya kwao pia, nyeusi tii, ameifunga kwenye leso.

"Fundi," akasema kabla hajaketi, "tazama hii ya bibi. Inaangaza sawa sahani mupya. Ya kwetu ni nyeusi, ya wazee. Sasa tuambie kweli, tusidanganyane. Iko ya kweli ama waliinunua juzi sokoni juu ya kutuona wajinga?"

Zaina alikuwa anatazama mikono yake. Mama Asha akasema tu kwamba kila Idi huisugua kwa majivu.

Niligonga ile sarafu, ikaimba. Nikaipima, uzito sawasawa. Nilipaswa kusema "Ni fedha, ni reale, mkaoane," na kunywa chai. Lakini mimi nikiulizwa ukweli natoa wote, pamoja na tanbihi. Nikasema, "Ni ya kweli, ila haikuchapwa mwaka huu ulioandikwa. Imechapwa baadaye sana. Ni marudio."

Tantine akasimama. "Mumesikia. Si ya wazee."

"Hapana, Tantine, sikusema hivyo."

"Ulisema haikutengenezwa ule mwaka."

"Karibu zote hazikutengenezwa ule mwaka. Hata yako, pengine."

Nilijua nimeharibu kabla mdomo haujafunga. Zaina aliinua uso na kunitazama kama mtu aliyeona nyumba ya pili ikishika moto.

"Yangu?" Tantine akasema polepole. "Yenye ilikuwa ya mama yangu? Nyeusi namna hii?"

"Weusi ni hewa ya hapa, Tantine. Hata ya jana ingekuwa nyeusi."

"Basi osha."

"Sarafu haioshwi."

"Osha, mbele yetu. Tuone ndani yake kuko nini. Kama hutaki, tunarudi nyumbani, na ile maneno ya harusi imeisha."

Nikaosha. Kuna njia ambayo haisugui: unatandaza karatasi ya alumini ndani ya beseni, unaweka bikabonati ya keki na chumvi, unamwaga maji ya moto, weusi unahama wenyewe. Huwa sishauri, lakini ni afadhali kuliko dawa ya meno. Nikailaza ya Tantine upande wa kushoto. Tantine akadai na ya Mama Asha iingie, zionekane kwa maji mamoja, nikailaza upande wa kulia. Nilitaka kumwomba nipime kwanza ya kwake. Akasema ya mama yake haina lazima ya kupimwa. Mimi ninayepima hata chumvi ya mboga nikaacha, nikamwaga maji ya moto.

Maji yakaanza kutoa ile harufu ya mayai yaliyooza.

"Ni nini hii?" Tantine akaziba pua.

"Ni volkeno inatoka."

"Ilikuwa ndani ya reale ya mama yangu?"

"Ilikuwa," nikasema, na Zaina akakaribia kucheka.

Ndipo mzinga ukalia upande wa Sake. Ulikuwa mbali, lakini madirisha yalijibu. Ukalia tena. Mama Asha hakupiga kelele. Alishuka tu chini ya meza, kwa wepesi wa mtu aliyezoea, akamvuta Zaina. Nami nikafuata. Tantine akafuata wa mwisho, na kwa kuwa kila mtu hukimbia na kile anachokithamini, alishuka na beseni. Maji yakamwagika kwenye magoti yetu. Tukakaa pale wanne, tumebanana, tumelowa, tunanuka volkeno.

Mama Asha alikuwa amejikunja, ameficha uso magotini. Tantine akaweka beseni kwenye mapaja na kumshika mabega kwa mkono mmoja.

"Iko mbali, mama. Iko mbali. Haifiki hapa."

"Hata sisi tulisema vile," Mama Asha akajibu.

Tantine akamsogeza karibu. Hakuondoa mkono.

Mizinga iliponyamaza nilichungulia ndani ya beseni, na hofu niliyoipata hapo ilikuwa kubwa kuliko ya mizinga. Reale zote mbili zilikuwa nyeupe, zimelala upande mmoja, moja juu ya nyingine.

Nilizitoa, nikazifuta kwa kitambaa bila kusugua, nikazipima. Uzito mmoja. Nikatazama kwa lenzi: manyoya ya tai aliye upande wa nyuma, ushanga kwenye kifungo cha malkia, herufi za ukingoni. Chapa moja. Nikatafuta mikwaruzo midogo, maana Mama Asha alikuwa ameniambia kwamba kila Idi aliisugua ya kwake kwa majivu. Zote zilikuwa na mikwaruzo ya majivu. Kumbe mama yake Tantine naye alikuwa akiisugua enzi zake.

Tantine akazichukua, moja kila kiganja. Akazipima kwa mkono. Akazinusa. Akageuza ya kulia, akageuza ya kushoto.

"Fundi, ya kwangu ni gani?"

Ningeweza kunyoosha kidole. Nakiri kwamba kidole kilikwisha anza safari. Ningeonyesha yoyote, angeamini, nami ningebaki fundi. Lakini basi ile nyingine ingekuwa ya Zaina, na ingerudi kuwa "ile ya sokoni."

"Sijui, Tantine."

"Weye njo fundi."

"Ndiyo. Na sijui. Hakuna fundi atakayejua."

Nilimwona anaelewa, ilichukua muda, na haikumpendeza. Alikuwa amekuja kutenganisha sarafu ya nyumba na sarafu ya watu, na sasa hakuweza kutambua aliyoachiwa na mama yake.

Mama Asha alikuwa bado ameketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Kamata moja, mama," akamwambia.

"Na kama ninakamata ya kwako?"

"Basi utaniwekea." Akanyoosha miguu iliyolowa. "Mimi ninalala chini ya turubai. Kwako kuko mulango na funguo."

Tantine alimtazama, kisha akamtazama Zaina kwa muda mrefu, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akafunga kiganja cha kushoto. Cha kulia akakinyoosha kwa Zaina.

"Hii utakuya nayo siku ya hina," akasema. "Na musichelewe. Watu wa kwetu wanapendaka kula mapema." Akafunga ya kwake kwenye leso, akamsaidia Mama Asha kusimama. Walipofika mlangoni aligeuka, sauti yake ya amri imerudi. "Na musiisugue tena. Fundi anasema ni vibaya."

"Nitaisugua," Mama Asha akasema. "Idi haiko mbali."

"Basi na mimi nitaleta ya kwangu unisugulie."

Nilikuwa na maneno mengi ya kuwaambia juu ya majivu, na juu ya tembo. Nikawashikia mlango wapite.